Akili Mnemba na Tathmini Katika Vyuo Vikuu

Wahenga walinena kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangu kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipozindua programu ya ChatGPT mnamo Novemba 2022, wanafunzi wa vyuo vikuu wamekwisha kuyaoga maji ya akili mnemba. Taratibu za tathmini zingali ufuoni.

Jawabu la haraka limekuwa kusaka programu za kuwanasa wanafunzi. Jawabu hili lina walakini. Mosi, OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023, kisha ikakiondoa Julai mwaka uo huo kwa kukosa usahihi. Pili, utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulichunguza insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, programu 7 za utambuzi zilidai kuwa zaidi ya nusu ya insha hizo ni kazi ya mashine. Ikiwa hukumu hupotoka hivyo katika lugha yenye data tele, mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili atapata wapi haki?

Hata hivyo, kunyamaza nako si dawa. Mwalimu mtarajiwa anayeandikiwa uhakiki na mashine atasimama kesho mbele ya darasa lisilo na mashine, aulizwe maana ya kinaya, naye abaki kutumbua macho. Watakaopunjika ni wanafunzi wake.

Linalohitajika ni kubadilisha kazi yenyewe. Kwanza, kila insha ya muhula ifuatwe na utetezi wa mdomo, jinsi tasnifu ya uzamili inavyotetewa. Pili, kozi za fasihi simulizi zirudishe uzito nyanjani: mashine haijaketi na fanani, wala haijaona hadhira ikimwitikia. Tatu, mashine yenyewe ihakikiwe. Itungishwe shairi la tarbia lenye mizani 8 kwa 8, kisha wanafunzi wahesabu mizani, wakague vina na kueleza palipolegea. Asiyejua arudhi hawezi kuifanya kazi hiyo.

Wapo watakaouliza: darasa la wanafunzi 300 litatetewa lini? Hoja hii ina mashiko. Dakika 5 kwa kila mmoja ni saa 25, mzigo usiobebeka na mhadhiri mmoja. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Idara zipunguze insha za muhula hadi moja, na wahadhiri wagawane usikilizaji. Insha moja iliyotetewa ina thamani kuliko tatu zisizojulikana mwandishi wake.

Fasihi ya Kiswahili ilikuzwa na malenga waliojibizana papo kwa papo, kila mmoja akithibitisha umilisi wake mbele ya watu. Kumtaka mwanafunzi aitetee kauli yake si kumwadhibu. Ni kumrejesha barazani.