Waokaji wa Nyumbani, Arbuni Iwe Sheria ya Kikundi Kizima

Ingia kwenye kikundi chochote cha waokaji wa nyumbani, kiwe cha WhatsApp au Facebook, siku ya Jumamosi jioni. Utaona keki za harusi za ghorofa tatu, Black Forest za kumwagisha mate, na pongezi kila mahali. Lakini mara nyingi, katikati ya hizo picha, huwa kuna moja ya huzuni. Keki ya kilo mbili, krimu imeanza kulegea, juu imeandikwa jina la mtoto. Chini yake kuna ujumbe: "Mteja amezima simu. Nani anachukua kwa nusu bei?"

Wenzake humpa pole. Wengine humwambia wateja ndivyo walivyo, azoee. Kesho yake kikundi kinarudi kwenye mapishi.

Sisi tunaona pole peke yake haitoshi. Keki si kama unga ambao utarudi kwenye rafu usubiri mnunuzi wa kesho. Ikishaandikwa jina la mtu, haina mwenyewe mwingine.

Tupige hesabu kidogo. Chukulia unauza keki kwa Sh 3,000. Unga, mayai, siagi, sukari na krimu vimekula Sh 1,300. Gesi, boksi na nauli ya sokoni, Sh 300. Umetumia Sh 1,600, na faida yako ni Sh 1,400, kabla hata hujalipia usingizi wako. Mteja akikukimbia, unapoteza Sh 1,600. Yaani faida ya keki moja iliyolipwa haiwezi kuziba pengo la keki moja iliyoachwa. Utaoka ya pili, na bado utakuwa nyuma kwa Sh 200.

Ndiyo maana tunasema arbuni, yale malipo ya awali, isiwe jambo la aibu. Na isiwe "nusu" kwa mazoea tu. Kwa mfano wetu, nusu ni Sh 1,500, na bado unapungukiwa na Sh 100. Arbuni ipimwe kwa gharama: angalau irudishe kile ulichotoa mfukoni.

Kuna waokaji wanaotuambia, "Nikiomba arbuni, mteja anaenda kwa mwingine." Ni kweli, tena huyo mwingine mara nyingi yuko kwenye kikundi hicho hicho. Leo anachukua oda bila arbuni, wiki ijayo ni yeye anayetafuta wa kununua kwa nusu bei. Mwokaji mmoja akisimama peke yake ataonekana mkali. Kikundi kizima kikisimama pamoja, arbuni inakuwa utaratibu wa kawaida, kama vile fundi wa nguo anavyotaka kitu kidogo kabla hajakata kitambaa.

Vikundi hivi vina uwezo huo. Vimefundisha watu wengi kuoka kwenye sufuria yenye mchanga juu ya jiko la makaa, kwa sababu hawakuwa na oveni. Mtu akiuliza kwa nini keki yake inabonyea katikati, anajibiwa saa hiyo hiyo: umefungua mapema, au umezidisha baking powder. Watu wanaopeana siri za jikoni bila malipo wanashindwaje kukubaliana sheria moja ya pesa?

Mtasema tunavutia upande wetu, kwa sababu malipo yakipita kwa simu na sisi tunapata ada. Hatukatai. Lakini hata ukilipwa pesa taslimu, maoni yetu hayabadiliki: anza kuoka baada ya arbuni kuingia, si kabla.

Na sheria ikate pande zote mbili. Mteja naye ana hofu zake. Kuna matapeli wanaoiba picha za keki za watu, wanapokea arbuni kisha wanapotea. Kwa hiyo mwokaji awe na jina moja la biashara na namba moja ya malipo, ikiwezekana till au laini ya biashara iliyo tofauti na ile ya nyumbani. Mteja, kabla hujabonyeza kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la mtu au biashara uliyoambiwa, acha kwanza, piga simu uulize. Mwokaji naye akishindwa kuoka, arbuni yote irudi, bila hadithi ndefu.

Siku ya kuchukua keki ndiyo siku ya kuwa macho zaidi. SMS ya malipo inaweza kughushiwa, na picha ya skrini ni rahisi zaidi kughushi. Usiamini simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe au taarifa ya miamala. Boda asiondoke na boksi kabla hujaona pesa upande wako. Wapo pia wanaolipa, wanabeba keki, halafu wanadai walikosea namba na kutaka pesa zirudishwe. Ukiwa na ujumbe wa oda, tarehe, kiasi na namba ya muamala, una cha kuonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi daftari lako liko mkononi. Kama kuna mtu anayekuomba PIN ili "akusaidie kupokea arbuni", huyo ni mwizi. Kupokea pesa hakuhitaji PIN.

Pendekezo letu ni dogo. Msimamizi wa kikundi abandike ujumbe mmoja juu kabisa, na kila mwanachama autume kwa mteja kabla ya kukubali oda:

"Oda yako inaanza arbuni ikiingia. Pesa zilizobaki zinalipwa kabla keki haijatoka. Ukighairi kabla sijanunua vitu, utarudishiwa arbuni. Nikishaanza kuoka, hairudi. Mimi nikishindwa, unarudishiwa yote."

Mistari mitano tu. Jadilianeni, badilisheni maneno mnavyotaka, lakini mkikubaliana msigeukane. Mwanachama akija kuuliza, "Mteja huyu hataki kutoa arbuni, nifanyeje?", kikundi kizima kimjibu kitu kimoja: usiwashe oveni.