Tusishangilie Ulimi, Tupime Majibu

Mwaka 1995 wagombea wanne wa urais, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walishindana kwa hoja mbele ya televisheni. Televisheni zilikuwa chache mno. Walio wengi walipokea tu hukumu ya waliotazama: nani kang'ara, nani kababaika. Hata leo twaelekea kumcheka aliyejikwaa ulimi, tukasahau alichoulizwa.

Hapa Nainokanoka swali ni zito: nani amejibu juu ya maji, malisho na haki ya mfugaji kubaki katika ardhi yake? Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, baada ya mdahalo ketini na wazee, akina mama na vijana, mpime majibu. Aliyekwepa swali letu asipewe makofi yetu, wala kura kwa mazoea.