Dirisha lililovunjwa na baruti

Nakubali: anayebomoa ukuta ili apanue dirisha aombe kibali kwa ofisi ya urbanisme, maana linta ikikaa vibaya ukuta wote unashuka. Ila hapa Kolwezi, jirani na migodi, wengi hatubadilishi madirisha kwa urembo. Baruti ikilipuka, kioo kinapasuka na ufa unateremka kutoka kona ya fremu hadi msingi. Migodi imetufikia hadi majumbani: mtaani Kasulo, mwaka 2014, watu walichimba kobalti hadi chini ya sakafu zao. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya waliohamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wa Cité Gécamines kupisha mgodi. Sioni haki mwenye nyumba alipie kibali cha kubadilisha fremu iliyopindishwa na mlipuko wa mwingine. Komini ipokee picha za ufa kwenye faili la kibali, na gharama zake alipe mwenye baruti.