SAFARI YA VISIWANI IPANGWE TANGU BARA

Mtumishi wa Serikali anayehamishwa kutoka Mutuka, mjini Babati, kwenda kisiwani Mafia, huanza safari yake bila wasiwasi mkubwa. Barabara ya lami ya kupitia Kondoa hadi Dodoma ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme humchukua kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Kila chombo apandacho kina saa yake ya kuondoka, na kiti chake kina namba. Mambo hubadilika anapoiacha barabara ya Kilwa pale Bungu na kushika njia ya Nyamisati. Huko saa haiko ukutani tena. Iko majini.

Wasomaji wetu wa visiwani watatucheka kwa kueleza jambo ambalo mtoto wa Kilindoni analijua kabla ya kuanza shule. Lakini hatuwaelezi wao. Twawaeleza wale wanaokaa maofisini mbali na pwani, ambao kalamu zao ndizo zinazowapeleka watu visiwani. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Gati la Nyamisati limo ndani ya mkono wa maji katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, na kwa hiyo vyombo hutegemea sana maji kujaa. Chombo kilichoondoka leo saa mbili asubuhi hakiwezi kuahidiwa saa hiyo hiyo juma lijalo. Asiyelijua hilo hufika na familia, magodoro na masanduku, akakuta maji yamekwisha kupwa. Hulala hapo kwa gharama ambayo hakuitia katika hesabu, wala aliyemwandikia barua ya uhamisho hakuitia.

Watu wa Mutuka si wageni wa maji. Ziwa Babati wanalo, na wavuvi wao husukuma mitumbwi wakiwapisha viboko. Ila ziwa halijai na kupwa kama bahari, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Tena safari haiishii Kilindoni. Mwalimu wa Jibondo au mganga wa Chole anapaswa kufika Utende, kisha angoje mashua. Hapo napo kuna maji ya kungojea na upepo wa kutazama. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, wakati ambapo kusi huvuma kwa nguvu. Tungependa kujua ni ofisi ngapi zinazotoa uhamisho mwezi huo ambazo zimepata kuufikiria upepo. Tunavyofahamu sisi, siku za safari huhesabiwa kama kwamba nchi nzima ni barabara.

Msomaji asidhani kwamba twalalamikia usingizi wa usiku mmoja gatini. Abiria aliyekwisha kulala bandarini na fedha zake zikapungua, huingia katika chombo chochote kinachoondoka, hata akiona kwa macho yake kwamba kimejaa. Hakuna mwenye moyo wa kumwambia ashuke, naye hakubali kushuka. Hivyo ndivyo mpango mbaya uliofanywa bara unavyogeuka kuwa hatari majini.

Hatuhitaji kutafuta mifano nchi za mbali. MV Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, waliokuwa wengi, hawakuandikwa. Jamaa zao waliwatafuta bila kuwa na karatasi ya kushika. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko kiasi chake. Na tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakirudi nyumbani kutoka gulioni, na hawakuona njia nyingine ya kuvuka kabla ya giza.

Manahodha wana lawama yao, na wakaguzi wa vyombo wana yao. Lakini sisi twasema kwamba wingi wa watu gatini hauanzi gatini. Kupwa na kujaa kwa maji kunaweza kukokotolewa mwaka mzima kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari na wa maziwa makuu. Hakuna sababu ya msingi kwa nini saa za kuondoka za mwezi mzima zisibandikwe katika stendi za mabasi za Babati, Dodoma na Mbagala, na ofisi za wilaya zikapewa nakala. Mfanyabiashara wa maharage na mbaazi angejua siku ya kupakia gunia lake. Mgonjwa angejua siku ya kutoka nyumbani.

Orodha ya abiria nayo imtaje kila mmoja, hata mtoto aliyebebwa mgongoni, na nakala yake ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Hesabu ikitimia, lango lifungwe, na aliyeachwa apewe hati ya kuondoka na chombo kifuatacho bila kulipa mara ya pili. Pasipo hati hiyo, amri ya kufunga lango itaheshimiwa siku ya ukaguzi tu.

Kwa maofisa wa utumishi tuna ombi moja zaidi, wala halihitaji fungu jipya la fedha. Barua inayompeleka mtu kisiwani itaje bandari atakayopitia, siku ambazo chombo huondoka, na siku mbili za ziada za kungojea maji au upepo. Aipate akiwa bado Mutuka, kabla hajafungasha vyombo vyake na kurudisha ufunguo wa nyumba.