Kasia Halimwulizi Mtu Kazi Yake

Katika michezo ya Waingereza, ni michache iliyo migeni kwa watu wa bara kama mchezo wa kushindana kwa makasia. Mpira wa miguu huchezwa katika kila shule, na mbio hujulikana katika kila kijiji. Lakini mashua nyembamba za mashindano hazionekani ila mahali penye maji marefu yaliyotulia. Hata hivyo mchezo huu una mafunzo mengi, na katika historia yake limo jambo moja limhusulo kila mtu alaye kwa jasho lake, awe mkulima shambani au karani afisini. Jambo lenyewe ni hili: ulikuwako wakati ambapo mchezo huu, uliozaliwa na watu wa kazi, uliwafungia mlango watu wa kazi.

Mashua na Watu Wake

Wakazi wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria wajua ya kwamba chombo kidogo huendeshwa kwa njia mbili. Mwenye kafi hulishika mikononi tu bila kuliegemeza popote, naye hutazama mbele anakokwenda. Mwenye makasia huyatia katika vileti au vishwara ubavuni mwa chombo, huketi akitazama shetri, na hivyo husafiri akikipa mgongo kituo anachokiendea. Mchezo unaoelezwa hapa ni huu wa pili.

Mashua za mashindano ni za namna nyingi. Iko ya mtu mmoja, ya wawili, ya wanne, na ya wanane. Makasia nayo yana tofauti yake. Katika namna moja kila mtu hushika makasia mawili, moja kwa kila mkono. Katika namna ya pili kila mtu hushika kasia moja tu kwa mikono yote miwili, huyu akivuta upande wa kulia na mwenziwe upande wa kushoto. Mashua ya wanane ndiyo kubwa kuliko zote. Urefu wake ni futi 60 hivi, lakini upana wake ni futi mbili tu au karibu na hizo, na kasia moja lina urefu wa futi 12 hivi. Pamoja na urefu huo wote, mashua ni nyepesi hata wachezaji wenyewe huichukua mabegani kuipeleka majini.

Wapiga makasia huhesabiwa kwa nambari kuanzia omo. Wa kwanza huketi omoni, na wa nane huketi karibu na shetri. Kwa kuwa wenziwe wote wako nyuma ya mgongo wake na wanamwona, huyu wa nane ndiye awapimiaye mwendo. Yeye akiongeza, wote huongeza, na akipunguza, wote hupunguza. Wenye miili mizito na nguvu nyingi mara nyingi huwekwa katikati.

Mbele ya macho ya huyo wa nane, wakitazamana uso kwa uso, huketi mtu wa tisa asiye na kasia. Huyo ni mshika usukani, naye peke yake ndiye aonaye kule mashua inakokwenda. Kwa kawaida huwa mtu mdogo wa mwili, maana uzito wake ni mzigo kwa wenziwe; lakini neno lake ndilo amri, na majitu manane yaliyo mbele yake humtii kama watoto. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika mashua hii nahodha ni mmoja, na mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote.

Namna ya Kuvuta

Mtu asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa ni kazi ya mikono. Sivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka miguuni. Kila mchezaji huketi juu ya kiti chenye magurudumu madogo, kiendacho mbele na nyuma juu ya reli mbili, na nyayo zake zimefungwa imara mahali pamoja ndani ya mashua. Viti vya namna hii vilitumiwa katika shindano la vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge mwaka wa 1873, na tangu siku hizo miguu imekuwa ndiyo injini ya mashua.

Mvuto mmoja una sehemu nne. Kwanza, mchezaji akiwa amekunja magoti na kunyosha mikono, huutumbukiza ubapa wa kasia majini upesi, bila kuyapiga maji kwa kishindo. Pili, husukuma kwa miguu; magoti yakikaribia kunyoka, mgongo hufuata, na mwisho kabisa mikono huuvuta mpini hata ukafika kifuani. Tatu, huutoa ubapa majini na kuulaza, uwe sawasawa na uso wa maji, upepo usipate kuushika. Nne, hurudi na kiti chake polepole mpaka pale alipoanzia, tayari kwa mvuto mwingine.

Sehemu hii ya nne ndiyo iwashindayo wanafunzi. Mashua huwa inateleza kwa nguvu ya mvuto uliopita, na watu wanane wakirudi kwa pupa, uzito wao huivunja mbio. Wachezaji waliofundishwa vema huvuta kwa nguvu na kurudi kwa utulivu, na kwa njia hiyo hupata nafasi ya kupumua pia. Hapo ndipo mtu aonapo maana ya kusema kuwa haraka haraka haina baraka.

Liko kosa moja linaloogopwa kuliko mengine. Ubapa ukiingia majini vibaya, umeinama upande, maji hulinasa kasia lisiweze kutoka, na mpini hurudi kwa nguvu ukampiga mwenyewe kifuani. Yamewahi kutokea ya mchezaji kurushwa nje ya mashua kwa kosa hilo. Waingereza humcheka mtu huyo kwa kusema kwamba amenasa kaa wa majini.

Wakati wa mashindano makubwa mivuto hupita 35 kwa dakika moja, na makasia yote manane hayana budi kuingia majini pamoja na kutoka pamoja. Mtu mmoja, hata kama ana nguvu kuwapita wote, akitangulia au akichelewa kidogo tu, mashua hulemea upande na nguvu zake hugeuka hasara. Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara hatafuti watu wanane wenye misuli mikubwa. Hutafuta watu wanane wawezao kuvuta kama mtu mmoja.

Asili ya Mashindano

Zamani, madaraja yalipokuwa machache katika mji wa London, watu walivushwa mto Thames na wapiga makasia waliolipwa ujira, kama vile leo abiria alipiavyo basi. Mwaka wa 1715 mchezaji mmoja wa michezo ya kuigiza, jina lake Thomas Doggett, aliweka zawadi ya koti na beji ya fedha, ishindaniwe na vijana waliomaliza kujifunza kazi hiyo. Vijana hao walishindana kutoka London Bridge mpaka Chelsea, mwendo wa maili nne na nusu na zaidi kidogo. Shindano hilo linaendelea mpaka leo, nalo ni mojawapo la mashindano ya zamani kabisa ulimwenguni. Basi mwanzo wa mchezo huu ulikuwa kwa watu wa mshahara, wenye viganja vigumu.

Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliupenda mchezo huo. Oxford na Cambridge walishindana mara ya kwanza mwaka wa 1829, na siku hizi hushindana kutoka Putney mpaka Mortlake, mwendo wa maili nne na kitu. Mwaka wa 1912 mawimbi yalikuwa makali hata mashua zote mbili zikajaa maji, na shindano likarudiwa siku nyingine. Mwaka wa 1839 yalianzishwa mashindano ya mji wa Henley, ambako mashua mbili tu hushindana kwa wakati mmoja katika njia ya maili moja na yadi 550, na mwenye kushindwa hurudi kwao. Zawadi kubwa ya Henley kwa mtu mmoja mwenye makasia mawili huitwa Diamond Sculls, nayo ilianza kushindaniwa mwaka wa 1844.

Katika Michezo ya Olimpiki mwendo ni meta 2,000 zilizonyoka, na mashua sita huenda sambamba, kila moja katika njia yake. Wasiofaulu mara ya kwanza hupewa nafasi ya pili kabla ya kutolewa kabisa. Wanawake waliingizwa katika mashindano hayo ya makasia mwaka wa 1976.

Sheria Iliyofunga Mlango

Mchezo ulipopata heshima, wakubwa wake walitaka kutenga watu wanaocheza kwa kujifurahisha na watu wanaocheza kwa fedha. Nia hiyo yenyewe haikuwa na ubaya. Lakini sheria waliyoitunga ilivuka mpaka. Mwaka wa 1879 wasimamizi wa Henley walikata shauri kwamba mtu yeyote aliye fundi au kibarua wa kulipwa hahesabiwi kuwa mchezaji wa kujifurahisha, hata kama hajapata kupokea senti moja kwa kushika kasia. Sababu iliyotolewa na waliowatetea ni kwamba kazi ya mikono humwongezea mtu nguvu, na hivyo humpunja yule aketiye mezani. Maana yake ni kwamba mwalimu na mwanasheria waliweza kuingia, lakini seremala na mwashi waliachwa nje. Hata hao vijana wa mto Thames, waliokuwa asili ya mchezo, hawakuruhusiwa.

Si Waingereza wote walioipenda sheria hiyo. Mwaka wa 1890 baadhi yao waliunda chama kingine cha makasia kilichowakubali wafanya kazi wa mikono. Vyama hivyo viwili vilikaa mbalimbali mpaka vilipounganishwa mwaka wa 1956.

Mwashi wa Philadelphia

Mwaka wa 1920 John B. Kelly, mtu wa mji wa Philadelphia katika Marekani, aliomba kushindania Diamond Sculls. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Ireland, naye alikuwa bingwa katika nchi yake. Lakini aliwahi kufanya kazi ya uashi, kupanga matofali kwa mikono yake. Wasimamizi wa Henley walimkataa. Sababu zilikuwa mbili: kwanza uashi wake, na pili, klabu yake ilikuwa imepigwa marufuku, kwa kuwa safari ya wachezaji wake wa mwaka wa 1905 ililipiwa kwa michango ya watu. Zawadi ya mwaka huo ilichukuliwa na kijana Mwingereza, Jack Beresford.

Miezi miwili hivi baadaye ilifanyika Michezo ya Olimpiki huko Antwerp, ambako hapakuwa na sheria ya kumzuia mwashi. Katika shindano la mwisho la mtu mmoja mmoja, Kelly na Beresford walikutana. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 30, na mwingine miaka 21. Walivuta karibu bega kwa bega, na Kelly akashinda kwa sekunde moja tu. Kisha, kabla saa moja haijapita, aliingia tena majini pamoja na binamu yake Paul Costello, wakashinda shindano la watu wawili. Mwaka wa 1924 huko Paris wawili hao walishinda tena.

Yafaa Beresford naye apewe haki yake. Hakuitunga yeye sheria ile, na ushujaa wake hauna shaka, maana alipata medali katika Michezo ya Olimpiki mitano mfululizo, kuanzia mwaka wa 1920 hata 1936. Kosa lilikuwa la sheria, iliyowazuia watu wa Henley kuona shindano ambalo watu wa Antwerp waliliona.

Mwaka wa 1936 sheria hiyo iliwakataa wachezaji wanane wa Australia, waliokuwa askari polisi, kwa madai ya kwamba kazi ya polisi ni kazi ya mikono. Jambo hilo liliwaudhi watu wengi, na mwaka wa 1937 maneno yale juu ya mafundi na vibarua yakafutwa. Mwaka wa 1947, na tena mwaka wa 1949, Diamond Sculls ilichukuliwa na kijana mmoja Mmarekani. Jina lake lilikuwa John B. Kelly, mwana wa yule mwashi. Binti wa mwashi, Grace, aliolewa na mtawala wa Monaco, na mwaka wa 1981 yeye ndiye aliyewakabidhi washindi zawadi zao huko Henley.

Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na watu wanaoanzisha vyama vya michezo, vya ushirika au vya elimu katika wilaya zao. Ni vyepesi kuandika katika kanuni za chama neno dogo linalomwacha mtu nje kwa sababu ya jembe lake au nyundo yake, na ni vigumu sana kulifuta baadaye: pale Henley lilidumu karibu miaka 60. Wanane waliomo katika mashua moja hawaulizani kazi wala ukoo. Kila mmoja humsikiliza mwenziwe tu, apate kutumbukiza kasia lake wakati ule ule, na akishindwa kufanya hivyo mashua yenyewe humfichua. Chama kinachotaka kufika mbali hakina budi kuwapima watu wake kwa kipimo hicho hicho.