Waraka kwa Watafiti Wenzetu: Tuamue Wenyewe Kipi Kibaki

Kwa watafiti, wasaidizi wa utafiti, wanafunzi na wote wenye akaunti kwenye seva ya kituo



Seva imejaa. Kila anapofika mwanafunzi mpya na video zake za matumbawe, msimamizi wa seva hupita mlango kwa mlango akiomba watu wapunguze faili, na kila mmoja humjibu kuwa zake zote ni muhimu. Kamati ya data haikubaliani na jibu hilo.

Tusipochagua wenyewe, tutachaguliwa. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kutunza nakala za kompyuta kuu ilifanyiwa marekebisho yenye kasoro, ikafuta ilichopaswa kukilinda: terabaiti 77 hivi, faili zipatazo milioni 34, za vikundi 14 vya watafiti. Nayo NASA ilieleza mwaka 2009 kwamba kanda za awali za Apollo 11, zenye picha safi kuliko zile zilizoonekana kwenye televisheni, yaelekea zilifutwa ili zitumike tena. Kanda zilikuwa haba. Uhaba huo tunao sisi leo, ila wetu ni wa diski.

Basi kabla ya kufuta, jiulize: hiki kitapatikana tena? Joto la maji la mwaka 2016, matumbawe yalipopauka, hakuna mfadhili wa kutulipia tukalipime upya. Data ghafi za namna hiyo hazifutwi, hata mradi ukiisha na mwenyewe akahama. Lakini grafu na majedwali ambayo programu ikiendeshwa usiku mmoja yatarudi, tunayalimbikiza ya nini? Tunza programu na maelezo yake, mengine yaende. (Zikiwemo faili ziitwazo “mwisho”, “mwisho2” na “mwisho kabisa”.) Hata CERN hubakiza sehemu ndogo mno ya migongano ya chembe inayotokea kwenye mtambo wake, na hakuna anayewaita wazembe.

Mahojiano ya wavuvi yana hukumu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haituruhusu kukaa na majina na namba za simu za watu kupita haja iliyotufanya tuzichukue. Muda ulioandikwa kwenye fomu ya ridhaa ukifika, orodha ya majina ifutwe, pamoja na ile iliyosahaulika kwenye flashi ndani ya mkoba.

Kuhusu nakala: ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Diski iliyowekwa juu ya seva yenyewe hatuihesabu, maana chumba kikiungua vyote vimekwenda. Tena jaribuni kurudisha faili moja moja mara kwa mara. Na kila folda iwe na maelezo ya mahali, kifaa na vipimo. Safu iliyoandikwa “T2” tu, mwaka kesho hata aliyeiandika hataijua.

Kila kiongozi wa mradi alete ukurasa mmoja: kipi ni cha kudumu, kipi kina mwisho na ni lini, na nani atakisimamia yeye akiondoka. Folda zisizo na mwenyewe hatutazifuta kimyakimya; zitasomwa kwa majina kwenye kikao cha idara. Tafadhali, njooni mzitambue.

Kamati ya Data