Chombo Juu ya Gadi



Watu wengi huliona jahazi likiwa tayari linakwenda, tanga limejaa upepo, nao husema, "Tazama, ni raha iliyoje!" Ni wachache waliolala ndani ya jahazi lililo juu ya mchanga. Mimi nalilala humo siku tano, mwezi wa Februari mwaka 2016, katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, penye mafundi wa vyombo tangu zamani. Nalikuwa na mizigo ya kupeleka Mombasa, na nahodha ni jirani yangu. Akaniambia, "Njoo, Mwalimu, mwezi ukipevuka tutashuka majini."

Yafaa niwaeleze ndugu wa bara jambo hili la mwezi. Chombo kizito hakipandishwi pwani siku yo yote. Hungojewa bamvua, yaani maji makuu, yajayo mara mbili kila mwezi: mwezi uandamapo na mwezi upevukapo. Bahari ikijaa, chombo huvutwa hata juu. Ikitoka, chombo hubaki mchangani, nacho hutegemezwa kwa miti kuume na kushoto. Miti hiyo ndiyo gadi. Basi kilichopandishwa kwa bamvua hushushwa kwa bamvua, na ukilikosa utangoja siku kama kumi na tano. Chombo chetu hakikuwa na mashine. Tegemeo lake lilikuwa kaskazi, na upepo huo huanza kulegea mwezi wa Machi. Baadaye kusi huingia, naye aendaye Mombasa kwa tanga humpiga usoni.

Nalipofika, kazi ya kukwangua makome na mwani ilikuwa imekwisha. Ubavu wa chini walikuwa wameuchoma kwa mienge ya makuti ili kuwaua wadudu watoboao mbao majini, hata chombo kikawa cheusi kama sufuria ya karamu. Wadudu hao si minyoo, ingawa wana umbo la mnyoo. Ni jamaa ya chaza, na gamba lao dogo ndilo keekee yao. Huingia kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hula ndani. Nje huoni kitu.

Akina mama watauliza tulikula nini. Asubuhi chai na mkate wa mofa, jioni wali na samaki, vyote vikipikwa na kijana mmoja katika sanduku la mbao lililojaa mchanga, jiko likiwa juu yake, ili moto usiguse sitaha. Maji ya kunywa tuliyapima kwa kikombe. Mchana kutwa ni kelele za nyundo. Mabaharia wawili wazee walikaa kivulini kulitia tanga viraka, nao walinikabidhi sindano na uzi. Mishono yangu waliifumua bila kusema neno, wakaishona upya. Nami nikajifanya sioni.

Siku ya pili fundi alikuwa akipita ubavuni, akigonga mbao kwa kishikio cha nyundo na kutega sikio. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Karibu na tezi, chini ya mstari wa maji, akagonga, akarudia, akamwita nahodha. Nalisikia na mimi: sauti ilikuwa nzito, kama mtu apigaye mto wa sufi.

Nalikuwa na haraka zangu, nikasema, "Nahodha, ubao mmoja tu utatukosesha bamvua? Si utiwe kalafati, upakwe, twende? Ukarabati wake utafanyika Mombasa."

Hakunikemea. Alinipa kisu, akasema, "Bonyeza wewe, Mwalimu."

Nikabonyeza. Kisu kikazama hata mpini.

Ubao ule, wenye urefu wa mikono sita, ulipong'olewa, taruma la nyuma yake nalo likaonekana limelika. Ubao wa mbambakofi fundi alikuwa nao. Taruma ndilo lililotutia mashaka, maana mti wake haupindwi kwa nguvu. Hutafutwa mti uliokua umepinda wenyewe, kwa kadiri ya ubavu. Siku nzima tulizunguka na kigezo cha kijiti mkononi bila kupata. Jioni fundi alikumbuka gofu la chombo kikuukuu lililolala kando ya mikoko, akaenda na msumeno. Alirudi na taruma begani, kavu, gumu, nalo lilihitaji kuchongwa kidogo tu. Nahodha alimpigia simu mwenye shehena ili amwombe fedha kabla ya safari. Jibu lake sikulisikia, bali nalimwona nahodha akikaa kimya kitambo kirefu. Mwishowe mafundi walilipwa.

Usiku ule tulifanya kazi kwa taa. Misumari ilizungushiwa pamba yenye mafuta shingoni kabla ya kugongwa, ili maji yasiifuate. Kisha ikaja kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikasukumwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Ikizidi kulegea, maji huingia. Ikizidi kukazwa, huweza kusukuma mbao zikaachana. Mwisho shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, na chombo chote kikapakwa chini kwa mikono mitupu. Harufu yake sitaieleza.

Mwezi ulipevuka. Saa kumi usiku bahari ilijaa, gadi zikaondolewa, tukasukuma kwa mabega, nalo jahazi likaelea. Kabla hatujamaliza kushangilia, kijana aliyekuwa ngamani, yaani chini kabisa ya chombo, alipiga kelele: maji yanaingia!

Nahodha alishuka, akatia alama ya chokaa katika taruma, mahali maji yalipofika, akaamuru watu wafue maji kwa zamu. Nikamwuliza kama ni ule ubao mpya. Akajibu, "Chombo kimekaa juani siku nyingi, mbao zimenywea. Lazima zinywe maji zivimbe, zifunge. Kama ni kiu, maji yatapungua. Kama ni kazi mbaya, yatazidi. Kwa sasa hakuna ajuaye." Ndipo nalipofahamu kwa nini hakutaka kumtia fundi tena patasi mkononi: pamba ikiongezwa saa ile, mbao zikivimba zitaumizana.

Nalishika upo, ile kata ya kufulia maji, tangu saa kumi na moja hata jua lilipochomoza. Kila mara nalitazama ile chokaa. Mara maji yaliifunika, mara ilionekana. Wazee wa tanga hawakuacha kushona.

Adhuhuri alama ilibaki juu ya maji bila kufunikwa. Siku iliyofuata zamu zikawa chache. Siku ya tatu alasiri yule kijana alishuka na upo wake, akapanda akiwa na maji ya kutosha kunawa mikono tu. Nahodha akayamwaga baharini, akautazama upepo, akaagiza foromali ipandishwe.